Seti ya dramu ya zamani: ya kutengeneza mwenyewe au ya kumwachia fundi?

Dramu ya zamani huuawa na unyevu mara nyingi zaidi kuliko inavyouawa na mikwiro. Katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet jambo hili lina uzito wa pekee. Mji wa Kericho uko kwenye mwinuko wa takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mvua yake ya mwaka hukaribia milimita 2,000 bila mwezi ulio mkavu kabisa. Kusini, kuelekea Bomet mjini, mvua hupungua, lakini asubuhi za ukungu na usiku wa baridi ni zile zile. Hali hiyo ndiyo iliyozivuta kampuni za Brooke Bond na African Highlands kupanda chai huku katika miaka ya 1920. Mmea hustawi kwa unyevu huo. Mbao zilizopindwa, gundi ya miaka 50 na chuma kilichopakwa kromu huteseka kwa unyevu huo huo. Kwa hiyo yeyote anayejiuliza kama ataweza kuifufua seti aliyoirithi au kuikuta stoo, aanze kwa kufikiria hali ya hewa ya nyumba atakamoiweka, kisha ndipo afikirie bisibisi na msasa.

Seti hizo zimefika huku kwa njia kadhaa. Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alipopita Kapkatet mwaka 1950 akiwa na mitambo yake ya kurekodi, muziki wa Wakipsigis aliourekodi ulikuwa wa sauti za wasichana na wa kinubi kiitwacho chepkong'. Wakati huo santuri za Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani, zilikuwa zimekwisha kusikika vijijini, na wasichana wa Kapkatet wakamtungia wimbo ambao sasa unajulikana duniani. Dramu za besi na matoazi zilikuja na bendi za magitaa. Katika miaka ya 1960 na 1970 Kericho ilikuwa na duka na lebo ya muziki ya Chandarana, iliyotoa santuri za waimbaji wa Magharibi mwa Kenya, na benga ikawa muziki wa kumbi, baa na harusi katika nyanda hizi. Ukisikiliza santuri za benga za wakati huo, dramu iko nyuma ya magitaa: haihati (jozi ya matoazi ya pedali) inakimbia, dramu ya besi inashikilia mwendo, na dramu ya nyaya inagongwa kwa uchache. Baada ya bendi, makanisa ndiyo yaliyokuwa wanunuzi wakubwa wa dramu, na shule zikafuata. Bendi zilipovunjika na makanisa yaliponunua seti mpya, zile za awali zilisukumwa kwenye stoo, nyuma ya jukwaa au juu ya dari. Ndizo zinazoibuka leo.

Uamuzi wa kuitengeneza mwenyewe au la hutegemea swali moja: je, kazi inayotakiwa inaweza kurudishwa nyuma ikiharibika? Kusafisha, kubadilisha ngozi, kulainisha hesi, kuweka nyaya mpya chini ya dramu ya nyaya, kunyoosha stendi, kubandika tabaka la mbao lililoachana: hizi ni kazi ambazo mtu mwangalifu anazifanya nyumbani, na akikosea anaweza kurudia. Kuchonga upya mdomo wa mzinga (mwili wa dramu), kung'oa ganda la nje, kutoboa matundu mapya, kupaka kromu upya na kukata toazi ni kazi za njia moja. Zikiharibika, hakuna fundi wala fedha itakayorudisha kilichokuwapo. Makosa mengi ya kusikitisha katika dramu za zamani hayatokani na uvivu. Hutokana na bidii ya watu waliopiga msasa mahali pasipostahili.

Kabla ya kugusa chochote, seti hutambuliwa. Kibao cha chuma kilichopigiliwa ubavuni mwa mzinga ndicho cha kwanza kutazamwa. Ludwig, kampuni iliyoanzishwa Chicago mwaka 1909, ilianza kuweka namba za mfululizo kwenye vibao vyake karibu na mwisho wa 1963, hivyo kibao cha Ludwig kisicho na namba mara nyingi huashiria dramu ya kabla ya hapo. Premier ya Uingereza, iliyoanza mwaka 1922, ni jina lisiloshangaza kukutwa katika nchi iliyotawaliwa na Waingereza hadi 1963. Pearl ya Japani ilianza mwaka 1946, Yamaha ikaingia katika dramu mwaka 1967, na jina la Tama likaanza kutumika mwaka 1974. Viwanda vya Japani vya miaka ya 1960 vilitengeneza pia seti nyingi za bei nafuu zilizouzwa chini ya majina ya maduka na mawakala mbalimbali. Mizinga ya seti hizo mara nyingi ni ya luani, mbao nyepesi ya Asia ya Kusini Mashariki, na kibao chake hakimwambii mtu lolote la maana. Kwa hizo, ushahidi uko ndani ya mzinga wenyewe: idadi ya tabaka, kuwepo au kutokuwepo kwa ringi ya mbao ya kuimarisha midomo, na umbo la vishikizi vya boliti.

Utambuzi huu una faida mbili. Ya kwanza ni bei. Seti ya Ludwig ya miaka ya 1960 iliyobaki na kila kitu chake cha asili huuzwa Marekani kwa maelfu ya dola, kwa sababu Ringo Starr wa Beatles aliipiga Ludwig mbele ya mamilioni ya watazamaji wa televisheni Februari 1964. Mojawapo ya seti zake iliuzwa mnadani mwaka 2015 kwa zaidi ya dola milioni 2. Anayekuta seti ya aina hiyo Litein au Sotik, hata ikiwa chafu kiasi gani, asiisugue wala kuipaka rangi kabla ya kuonyesha picha zake kwa mtu anayezijua, kwa maana mabaka ya umri ni sehemu ya thamani. Seti ya luani isiyo na jina haina bei hiyo, na kwa sababu hiyo ndiyo seti bora zaidi ya kujifunzia.

Faida ya pili ni vipimo, na hapa ndipo wengi hukwama. Ngozi za kisasa hutengenezwa kwa vipimo vya inchi vilivyokubaliwa kimataifa: 12, 13, 14, 16, 20, 22. Premier za kabla ya mwaka 1968 hivi zina baadhi ya mizinga iliyo mipana kidogo kuliko vipimo hivyo, na ngozi ya kawaida ya inchi 12 haiingii ingawa utepe wa kupimia unaonyesha kama itaingia. Ngozi za kipimo hicho cha kale hupatikana kwa kuagizwa tu, na si kila wakati. Hesi nazo hazifanani. Boliti za dramu za Marekani, za Uingereza na za Ujerumani zina meno tofauti, na baadhi yanakaribiana kiasi kwamba boliti isiyo yake huingia mizunguko miwili mitatu kabla ya kukwama. Anayeilazimisha kwa koleo huyala meno ya kishikizi, na kishikizi cha zamani ni kigumu kukipata kuliko boliti.

Kisha mzinga hupimwa. Ngozi, na ringi zinazoibana, huondolewa kwa kulegeza boliti kidogo kidogo kwa kupishana, upande huu kisha upande wa mkabala, ili mzinga usivutwe upande mmoja. Boliti za kila dramu huwekwa katika kopo lake lenye jina, na kila hatua hupigwa picha kwa simu. Mzinga ulio wazi hupimwa kipenyo chake mara nne au tano kwa kuzungushwa. Tofauti ya milimita 1 au 2 haina neno. Ikifika milimita 3 na kupita, ngozi itakaa kwa shida, na ikiwa kubwa zaidi, huo mzinga umepinda na kuunyoosha si kazi ya nyumbani. Baada ya hapo mzinga husimamishwa kwenye kioo kinene kilicho sawa, taa ikiwekwa ndani na chumba kikizimwa taa nyingine. Mwanga unaopenya chini ya mdomo huonyesha mabonde. Mdomo huo mwembamba, ambao ngozi inaukalia, ndio unaoamua sauti kuliko aina ya mbao, rangi au jina la kampuni. Bonde dogo linaweza kuvumiliwa. Bonde kubwa linadai mashine ya kuchongea mbao iliyofungwa kwenye meza, pamoja na mkono uliokwisha kuchonga midomo mingine. Msasa ulioviringwa kidoleni huongeza mabonde pale pale unapotaka kuyaondoa.

Tabaka za plaiwudi zilizoachana ni ugonjwa wa kawaida katika nyanda za chai, na habari njema ni kwamba unatibika. Mbao huvuta na kutoa unyevu kulingana na hewa inayoizunguka. Hewa yenye unyevu wa asilimia 65 huifikisha mbao kwenye asilimia 12 hivi ya maji, na hewa ya asilimia 80 huifikisha kwenye 16. Wafanyakazi wa viwanda vya chai wanalijua jambo hili kuliko maseremala wengi: jani hukaushwa hadi asilimia 3 hivi, na likiachwa wazi huanza kunywa maji ya hewani upya. Mzinga wa dramu nao hunywa na kutoa, msimu hadi msimu, na gundi ya kale iliyotengenezwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama hulainika kila unapovimba. Tiba ni kuusubiri mzinga ukauke taratibu ndani ya nyumba kwa wiki kadhaa, kamwe si juani wala kando ya jiko. Kisha gundi nzuri ya mbao huingizwa kwa kisu chembamba au sindano kati ya tabaka, na pande mbili hubanwa kwa klampu na vipande vya mbao vilivyokatwa kufuata mviringo. Seremala yeyote makini wa Kericho au Bomet anaweza kuifanya kazi hii, bora aambiwe kwamba asipige randa.

Wadudu wanaobungua mbao huacha vitundu vyembamba na vumbi laini kama unga. Luani huwavutia sana. Vitundu vya zamani visivyotoa vumbi ni makovu tu. Vumbi jipya linalorudi baada ya kufutwa lina maana kwamba wangali ndani, na mzinga huo utengwe na vyombo vingine vya mbao hadi utibiwe kwa dawa ya mbao.

Ganda la plastiki lenye marumaru au mng'ao wa lulu linastahili onyo la wazi, kwa sababu ni suala la uhai. Dramu nyingi za zamani zilivishwa seluloidi, na seluloidi ya aina ya kale hushika moto kwa kasi ya kutisha. Watu huambiana kwamba ganda hung'olewa kwa hewa ya moto au pasi. Kwa dramu ya kabla ya miaka ya 1970, ushauri huo ni wa hatari. Ndani ya nyumba yenye jiko la mkaa au la gesi, ni hatari zaidi. Ganda lililopasuka kidogo au lililonyauka rangi liachwe lilivyo. Lililobanduka kwenye kiungo libandikwe upya na kufungwa kwa mkanda wa kitambaa hadi gundi ikauke. Kusafisha kunahitaji kitambaa, maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo tu. Thina na asetoni huyeyusha seluloidi, na kilichoyeyuka hakirudi.

Chuma ndicho kinachowatia watu moyo, kwa kuwa matokeo yake huonekana siku hiyo hiyo. Kutu hushika kasi hewa inapozidi asilimia 60 hivi ya unyevu, na usiku mwingi wa Kericho huzidi hapo. Madoa mepesi juu ya kromu hutoka kwa karatasi ya aluminiamu iliyokunjwa na kuloweshwa maji, au kwa nyuzi laini kabisa za chuma, zile za namba 0000, zikipakwa mafuta mepesi. Boliti za chuma zilizoganda hulowekwa kwenye siki kwa saa kadhaa, husuguliwa kwa brashi, huoshwa, hukaushwa kabisa na kupakwa mafuta siku hiyo hiyo, la sivyo kutu mpya huja kabla ya jioni. Siki isiguse vishikizi. Vingi vimemiminwa kwa aloi ya zinki, na asidi huila zinki. Kromu iliyokwisha kutoboka na kuinuka kama magamba haiokolewi kwa kusugua. Kuipaka upya kunahitaji kiwanda cha umeme na kemikali cha mji mkubwa, na gharama yake kwa seti nzima kwa kawaida hupita thamani ya seti isiyo na jina. Ringi zenye makovu zinapiga sawa na ringi zinazong'aa.

Mafundi wa jua kali wana nafasi kubwa katika kazi hii, lakini nafasi hiyo ina mipaka inayofaa kujulikana mapema. Stendi za matoazi, miguu ya tomu (dramu za kati zisizo na nyaya), mnyororo na springi ya pedali ni mabomba na vyuma vya kawaida. Mchomeleaji mzuri wa Kericho, Kapsoit au Silibwet huvirekebisha kwa muda mfupi, na mara nyingi hutengeneza kipande kilichopotea kwa ubora usiopungua wa kiwandani. Fundi wa kukereza anaweza kutengeneza boliti akipewa moja ya asili kama mfano. Lakini kishikizi cha zinki kilichopasuka kisipelekwe kwenye moto: aloi hiyo huyeyuka chini ya nyuzi 400 hivi za Selsiasi, na mchomeleaji aliyezoea milango ya chuma atabaki na tone sakafuni. Pia fundi asiruhusiwe kutatua tatizo la boliti iliyokosekana kwa kutoboa tundu kubwa zaidi na kuingiza boliti ya dukani. Hiyo ndiyo njia ambayo seti nyingi nzuri zimeishia kuwa chakavu, na ilifanywa kwa nia njema.

Matoazi yana sheria yake. Toazi bora la shaba nyeusi lina takriban asilimia 80 ya shaba na 20 ya bati, mchanganyiko unaolia vizuri na kuvunjika kwa urahisi. Toazi lenye ufa halichomelewi, maana joto huua mlio hata kama ufa utazibwa. Kinachowezekana ni kutoboa kitundu kidogo mwishoni mwa ufa ili usiendelee, na hata hivyo ni kuahirisha tu. Toazi jeusi kwa umri lisisuguliwe hadi ling'ae. Rangi hiyo haidhuru, na wapigaji wengi huupenda mlio wake mkavu.

Baada ya yote haya, kitu kinachobadilisha sauti zaidi ndicho kilicho rahisi kuliko vyote: ngozi mpya. Hadi katikati ya miaka ya 1950 dramu ziliwambwa kwa ngozi za ndama, zilizolegea siku ya mvua na kukaza siku ya jua. Ngozi za poliesta zilizoingia sokoni Marekani mnamo 1956 na 1957, kwa kazi ya Chick Evans na Remo Belli, ziliwaondolea wapigaji taabu hiyo, na mtu wa nchi ya mvua ana sababu ya kuwashukuru. Seti ya dramu 5 ina ngozi 10, juu na chini. Zile zilizokaa juu yake tangu bendi ilipovunjika zimekwisha kuvutika na kufa. Seti nyingi zinazosemwa kuwa "zimeharibika" hazina ugonjwa mwingine zaidi ya huo. Kwa hiyo mpangilio wa busara wa fedha ni huu: ngozi za juu zinunuliwe kwanza, hata kabla ya kusafisha chuma, ziwambwe kwenye mizinga ilivyo, na dramu zisikilizwe. Zikilia vizuri, kazi iliyobaki ni ya usafi na uvumilivu. Zikikataa kutulia katika sauti moja, tatizo liko mdomoni au kwenye mviringo, na hilo limejulikana kwa gharama ndogo.

Kuwamba kwenyewe ni ustadi wa kujifunza kwa sikio. Boliti hukazwa kwa vidole hadi zote ziguse ringi, kisha kwa ufunguo robo mzunguko kila moja kwa kupishana, huku ngozi ikigongwa karibu na kila boliti hadi sauti zote zifanane. Ngozi ya chini hufuata. Dramu ya nyaya hufungwa mwisho, kwa sababu nyaya zake hutikisika kila tomu inapopigwa na kumfanya mtu adhani kuna kasoro mahali pasipo na kasoro.

Hesabu ya kama kazi inafaa haifanani kwa kila mwenye seti. Kanisa linalohitaji dramu kila Jumapili, asubuhi na alasiri, halipaswi kutegemea seti ya mwaka 1968 inayosubiri boliti kutoka Uingereza. Linunue seti mpya ya wastani, na ile ya kale itengenezwe polepole na vijana wa kwaya wenye ari. Shule ya sekondari ina sababu nzuri kuliko wote ya kuifanya kazi hiyo yenyewe, kwa kuwa ndani yake kuna fizikia ya sauti, kemia ya kutu, useremala na muziki kwa pamoja, na seti itakayopatikana itapigwa katika tamasha la muziki la shule. Familia ya mwanamuziki aliyekufa ina sababu ya tatu, ya kumbukumbu, na kwao jibu mara nyingi ni kufanya kidogo: kuondoa vumbi, kuzuia kutu, kuweka ngozi mpya na kuzihifadhi zile za zamani badala ya kuzitupa, hasa kama zina jina la bendi lililoandikwa kwa mkono kwenye ngozi ya mbele ya dramu ya besi.

Kuna seti zisizofaa kuanzwa. Mizinga miwili au zaidi ikiwa imepinda, vishikizi vingi vikiwa vimepasuka, na hakuna jina wala historia, sehemu zake ni bora zitumike kuziponya nyingine. Tomu moja yenye vipuri kamili huweza kutoa boliti 12 na ringi mbili, na hiyo ni hazina kwa mtu aliyekwama Bomet akitafuta boliti nne tu. Kukubali hivyo si kushindwa.

Seti ikishapona, kazi kubwa inayobaki ni makazi. Nyumba ya mabati isiyo na dari hutoa matone ya jasho alfajiri, na sakafu ya saruji hupandisha unyevu usiku kucha. Dramu ziinuliwe juu ya mbao, mbali na ukuta wa nje, zifunikwe kwa shuka ya pamba inayopumua. Mfuko wa nailoni hufungia unyevu ndani na kuotesha ukungu. Ringi na ngozi zibaki zimefungwa kwa mkazo mdogo ulio sawa, kwa kuwa ndizo zinazoshikilia mviringo wa mzinga. Mizinga mitupu iliyopangwa moja juu ya nyingine hupinda. Dari ya juu ya jiko, mahali ambapo familia nyingi huweka vitu vya thamani, ina moshi unaofukuza wadudu, lakini joto lake hukausha gundi na kupasua seluloidi, tena ni hatari ya moto kwa sababu iliyokwisha kutajwa. Mara moja kwa mwezi kitambaa kikavu kipite juu ya chuma, na tone la mafuta lipite kwenye hesi mara mbili kwa mwaka, kabla ya mvua ndefu na baada yake. Zaidi ya yote seti ipigwe. Dramu inayopigwa kila wiki hufutwa, hukazwa na kuangaliwa bila mtu kupanga.

Jambo la mwisho halihitaji zana. Rekodi za Kapkatet za mwaka 1950 zilihifadhiwa Afrika Kusini kwa miongo mingi kabla ya nakala zake kurudishwa kwa wenyewe, na zilirudi kwa sababu Tracey aliandika mahali, mwaka na waimbaji. Dramu za Kericho na Bomet hazina daftari kama hilo. Bendi nyingi za kumbi za mashamba ya chai na za harusi hazikuwahi kurekodiwa, na chombo pekee kilichobaki cha baadhi yao ni dramu ya besi iliyo stoo. Mwenye seti ya namna hiyo, ama aitengeneze ama asiitengeneze, aandike kwenye karatasi jina la bendi, jina la mpigaji, ukumbi na miaka, aiweke katika bahasha ndani ya mzinga pamoja na picha za hali aliyoikuta. Baadhi ya wazee waliozipiga huenda wangali hai, wengine wako Sotik, wengine Litein, wengine kwenye kambi za mashamba. Waulizwe mwaka huu.